Maji Yaliyo Ndani ya Kuta za Benki

Kambi ya mkonge, Tanga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua umeshaitikia kabla mdogo wangu Hamisi, anayekusomea, hajavuka mstari wa kwanza. Mgongo wako unaendeleaje, na maji huko Newala yanapatikana? Sisi tu wazima. Mume wangu alichomwa na mwiba wa mkonge, mkono ukavimba, lakini sasa ameanza tena kulalamikia mboga, basi nimejua amepona.

Mama, barua ya Hamisi ilifika. Anasema benki imehamia Masasi, na jengo lake la zamani hapo Newala litabomolewa ili mawe yajenge ghala la korosho. Anasema pia, tena kwa furaha, kwamba kazi ya kubomoa amepewa yeye kwa kuwa ni fundi, na mawe yatakayobaki atajengea msingi wa nyumba yake. Hamisi, hapa najua utataka kuruka. Usiruke. Msomee Mama kila neno.

Umeandika, "Ni benki ya Wazungu, dada, sisi tulikuwa na nini humo?" Hata shemeji yako amenicheka. Aliniuliza, "Kwani wewe uliweka fedha ngapi?" Nikamjibu, "Hata senti moja. Niliweka maji."

Wewe Hamisi hukumbuki, ulikuwa mgongoni mwa Mama. Walijenga kiangazi kwa sababu msimamizi alihofia mvua ingeharibu kuta. Mtu wa Newala asingefanya kosa hilo. Kiangazi kwetu hata maji ya kunawa uso huombwa. Basi chokaa yote ilikorogwa kwa maji yaliyotoka bondeni vichwani mwa mama zetu, kwa mteremko ule unaopandwa karibu kwa magoti. Mimi nilibeba kibuyu. Jioni nililala na kiu, na niliuchukia ukuta ule kwa jinsi ulivyokunywa.

Mama, nakumbuka siku msimamizi alipoumwaga mtungi wako, eti maji yana tope. Hukumtukana. Uliketi chini na Hamisi mgongoni, ukasema, "Newala maji hayamwagwi." Wanawake wote wakatua mitungi, wakaketi. Mafundi wakabaki wamesimama, chokaa ikiwakaukia mikononi. Jua lilipopinduka msimamizi akaja mwenyewe, akaomba samahani mbele ya watu. Nyinyi mkasema haitoshi: paa likikamilika, maji ya mvua yaingie kwenye tangi la nyuma na mtaa uchote. Akakubali, na mpaka leo watu wanachota. Najivunia siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu, hata ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo.

Kwa hiyo nimeamua. Napanda meli mpaka Lindi, kisha lori hadi Masasi, na huko nikikosa gari nitapanda Newala kwa miguu. Miguu yangu inaujua mlima. Kabla sijafika, mwombe Mjomba aende kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, amwambie ghala liwe mlemle ndani ya jengo. Kuta nene, paa zima, milango ya chuma. Korosho zinataka nini zaidi? Akikataa, nendeni nyinyi wenye mitungi. Kuketi mnakujua.

Hamisi, sikukasirikii kwa kutaka nyumba. Mtu mzima hujenga. Nitakaa nawe mwezi mzima tuyatafute mawe mengine, na nitayabeba kichwani, si mara yangu ya kwanza. Lakini yale, hapana.

Nisalimie Mjomba Ismaili, mwenye neno katika ukoo wetu. Nisalimie na Bibi Ajaba jirani yetu, aliyekuwa wa mwisho kuinuka siku ile. Na msalimie sana mke wa Hamisi, ambaye nasikia kila asubuhi ndiye wa kwanza tangini.

Barua imekwisha, Hamisi. Ikunje, mtazame Mama usoni, umwambie utaanza kubomoa upande gani.

Mimi binti yako, Mama, na dada yako, Hamisi,

Somoe