Ukuta wa kahawia nyuma ya kabati

Loveness, acha unachofanya usome hapa.

Meshack kapaka rangi chumba chetu. Mume wangu huyu, ambaye hata pazia hajawahi kununua! Kahawia iliyokolea kama kahawa. Tena ukuta mmoja tu. Namuuliza, ananijibu, "Ndiyo fasheni, Mama Elieth."

Fasheni! Mchimbaji anayerudi kutoka duarani, huko shimoni kwao, na tope masikioni, leo anajua fasheni!

Nikajua kuna mwanamke. Kuna chumba amelala akaona ukuta kama ule.

Leo katoka, nikasogeza kabati nichungulie. Nikagusa ukuta. Kidole kikazama. Loveness, KIDOLE KIMEZAMA UKUTANI. Nyuma ya rangi hakuna tofali, ni tope tu limesawazishwa!

Nageuka, huyu hapa mlangoni na karai lake.

"Usipige kelele. Haya matofali baba aliyafyatua kwa udongo wa pale wanapooshea dhahabu. Nayatoa, nayasaga, naosha kidogo kidogo."

Kidogo kidogo! Anabomoa nyumba nikiwa sokoni, halafu anapaka rangi nzito nisione viraka! Ikituangukia je? Nimemfokea mpaka jirani kachungulia.

Akanionyesha ndani ya karai. Punje moja. Ndogo kama ulezi, ila inang'aa kweli.

Sasa wote wawili tunaangalia ukuta wa jikoni.

Hivi Loveness, baba yako na baba mkwe wangu si walifyatua matofali pamoja?