Picha ya Bibi Kalinga

Jumatatu, 3 Machi
Mvua tena. Nimebadilisha bahasha za picha zilizoanza kunuka ukungu. Majina nyuma naandika kwa penseli, wino hupenya. Sanga kaingia na viatu vya matope, kaniuliza kwa nini naandika kama mtoto wa chekechea. Nimeendelea kuandika. Huu mwezi wa pili tangu aletwe hapa makumbusho kuwa mkuu wangu, na sijaona alicholeta zaidi ya tumbo. Alikuwa mwalimu mkuu huko Mbeya. Kwake sote bado tuko mstarini.

Jumanne, 4 Machi
Kumbe Sanga amerudi kutoka likizo na mashine ya laminesheni, ile ya kufunga karatasi ndani ya plastiki kwa moto. Kainunua Mbalizi, kaipakata kwenye basi mpaka Iringa. Anasema vyeti vyote vya shule yake alivipitisha humo na mpaka leo vinang'aa. Sasa anataka picha zetu. Picha za kale, kwenye moto ule! Zina utando laini juu, ukipashwa moto unaharibika. Ningeweza kumweleza kwa dakika mbili. Badala yake nimetia funguo za kabati kwenye sidiria, nikaenda kunywa chai.

Alhamisi, 6 Machi
Bibi Kalinga kaja na bodaboda kutoka Tosamaganga. Kaleta picha ya mama yake, amekaa kwenye kigoda, Bibi mwenyewe mchanga mapajani. Hakuna nyingine. Mama alifariki mwaka uleule. Bibi ana mtoto wa jicho, haoni tena. Picha anaishika. Kidole gumba kinaanzia kwenye kona iliyokatika, kinapanda mpaka usoni. Paa lake linavuja, picha imelowa. Kaniomba niikaushe, nimtunzie mpaka mvua ziishe. Nimeahidi. Nimeilaza mezani kwangu juu ya karatasi ya kunyonya maji. Kabatini ingeoza.

Ijumaa, 7 Machi
Simu kutoka Ilula. Shangazi amefariki. Sanga alikuwa mlangoni wakati natoka, nikampita kama nguzo. Tangu Jumanne, alipokosa funguo za kabati, hatusalimiani. Naona raha.

Jumanne, 11 Machi
Nimerudi kutoka msibani. Picha ipo mezani, inang'aa. Imeota malengelenge. Uso wa mama umekuwa maziwa matupu. Mtoto kapakatwa na mtu asiye na sura.

Sanga alikuwa ananisubiri, anatabasamu. Eti ni pole yake ya msiba, alitaka yaishe kati yetu. Nimemtukana mpaka mlinzi akaja. Matusi mengine sikujua kama ninayo. Akasema, "Ungeniambia, dada."

Namchukia. Namchukia zaidi kwa sababu ni kweli. Kikaratasi kimoja tu, "Usiguse." Penseli ilikuwa mkononi.

Jumatano, 12 Machi
Nimejaribu kuchana plastiki pembeni kwa wembe. Picha inatoka nayo. Nimeacha.

Jumatano, 19 Machi
Bibi kaja. Nilipanga kusema kila kitu. Nikamkabidhi. Kidole gumba kikateleza. Akatafuta kona, akakuta plastiki. Akazunguka pande zote nne, taratibu.

"Mwanangu, hii siyo yangu. Ya kwangu ya karatasi."

Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu aliyepewa mzigo wa jirani kwa bahati mbaya. Nikafungua mdomo. Nikasema samahani Bibi, nimechanganya, ya kwako ipo kabatini, bado inakauka.

Sanga alisikia. Akatoka nje kwenye mvua.

Jumatano, 26 Machi
Sanga kanisalimia. Nimeitikia. Mashine kairudisha kwenye boksi lake, ipo chini ya meza. Picha nimeitia bahasha, nimeandika jina kwa penseli.

Bibi kaja saa nne, kauliza kama imekauka. Nimesema bado. Kasema si kitu, mvua za mwaka huu zimezidi, atapita tena Jumatano.

Haijanyesha tangu Jumapili.