Mlango Mdogo Nyuma ya Altare

Vickery Meadow, Dallas
Julai 2019

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua imekufikia? Sisi wazima, ila joto la huku halina adabu, na mjukuu wako ananijibu kwa Kiingereza tu mpaka nimkazie macho.

Kazi ni ileile ya kumtunza mzee Matiasi kule Plano. Ni Mzungu aliyezaliwa Romania, msumbufu kwa chai yake, lakini tunaelewana. Juzi alinionyesha picha: kuta nene, madirisha madogo kama ya ghala, mnara mzito. Nikamwambia, "Pole, mzee. Ulifungwa miaka mingapi?" Alicheka mpaka nikamletea maji. Kumbe ni kanisa la kijijini kwao.

Anasema wakulima walilijenga kwa mawe, yapata miaka mia nane iliyopita, na milango yake ina matao ya duara. Baadaye wavamizi walipozidi, wakalizungushia ukuta, wakainua mnara na kuacha matundu ya kupigia mishale. Ukutani kila familia ilikuwa na chumba chake cha nafaka, na kisima kilikuwa humohumo. Nyama ya nguruwe waliitundika mnarani. Kengele ikilia, kijiji kizima kinaingia na mifugo yake.

Nikamuuliza kama walipona siku zote.

"Siku zote, hapana," akasema. Safari moja paa lilichomwa watu wakiwa ndani.

Mama, niliweka kikombe chini. Niliikumbuka siku ile uliponibeba mgongoni, mdogo wangu akiwa bado tumboni, tukakimbilia kanisani, mlango ukiwa mmoja tu, na baba hakutoka.

"Halafu wakafanyaje?"

"Wakaezeka upya, wakatoboa mlango mdogo nyuma ya altare. Hata bibi yangu, aliyezaliwa karne nyingi baadaye, kila ibada alikaa karibu na mlango huo maisha yake yote, na hakuna aliyemcheka. Mimi nilifungia ndoa humo."

Sasa Consolata ameniambia kwamba siku ya harusi yake utabaki nje uwanjani. Kwako hasemi, ila kwangu mdogo wangu analia. Sikulaumu, Mama, hata kidogo. Mimi mwenyewe huku nakaa benchi la mwisho, mkoba mapajani, viatu nimevikaza. Warundi wote tunaligombania benchi hilo, na padri anadhani hatupendi mahubiri yake.

Lakini naingia. Naogopa, na naingia.

Kanisa letu la huko nyumbani nalo limeezekwa upya, na nasikia lina mlango wa ubavuni. Nimemwomba kaka Deo akuwekee kiti hapo, na yeye asimame hapo ili mlango usifungwe mpaka misa iishe.

Nisalimie bibi harusi wetu, na Deo na mkewe, na shangazi anayekusaidia shamba. Mwambie katekista kwamba bado namwombea.

Wakikuita mbele na wazazi wengine, usiende. Kaa palepale mlangoni, viatu miguuni. Ila uwe upande wa ndani, Mama, Consolata akigeuka akuone.

Ni mimi, uliyetoka naye mgongoni,
Goreti