Nyasi Ndani ya Tuta

Jumatatu, 2 Machi

Mvua tena. Pikipiki ya ofisi imezima njiani kabla ya Mollo, nimefika lamboni nimelowa hadi soksi. Maji yamepanda. Bado kidogo yafike kwenye utoro, ile njia ya kumwagia maji ya ziada. Nimelizunguka tuta lote kwa miguu, kama kawaida yangu. Upande wa nyuma, chini, kuna mahali pamelowa ambapo wiki iliyopita palikuwa pakavu. Maji yanachuruzika, lakini meupe, hayana tope. Yakianza kubeba udongo ndipo pa kuogopa.

Gelasi, mlinzi wa lambo, ananicheka eti nalipapasa tuta kama mkunga. Huyu anacheka na kila kitu. Nimemwambia awe anapachungulia pale kila asubuhi na kunipigia simu.

Jumamosi ni uzinduzi. Mgeni rasmi anatoka mbali. Maturubai yameshafika.

Jumanne, 3 Machi

Ofisini kutwa. Bosi ameniwekea mezani cheti cha kuthibitisha kwamba lambo limekamilika na ni salama. Anataka saini yangu kwa sababu mwenye muhuri wa uhandisi hapa ni mimi. Nilihamia Sumbawanga Desemba, tuta likiwa limeshasimama. Aliyelisimamia tangu msingi ni yeye. Nimemwuliza vipimo vya ushindiliaji wa udongo. Kasema vipo. Nimemwuliza viko wapi. Kaenda kunywa chai.

Sijasaini. Nimekasirika. Na naogopa kidogo.

Jumatano, 4 Machi

Nimepitia kwa mama mdogo Konsolata. Nyumba yake iko bondeni, chini ya lambo, pamoja na nyingine za ukoo wetu na za majirani, kila moja na bustani yake ya maharage. Kanilisha ugali wa ulezi mpaka nikalegeza kifungo cha sketi. Halafu akaanza kujisifu. Kumbe mwaka jana, mvua zikikaribia, mashine ya kushindilia ya mkandarasi iliharibika, mkandarasi akala kona. Kipande cha mwisho cha tuta kilimaliziwa na wanakijiji kwa msaragambo, kazi ya pamoja bila malipo. Mbele walikuwa akina mama, na aliyekuwa akiwapanga ni yeye.

"Tulilipanga vizuri, Skola. Nyasi ndani, udongo juu. Kama ntumba."

Nikaliweka tonge chini.

Ntumba ndiyo kilimo chetu. Unakata bonge la udongo na nyasi zake, unaligeuza, unarundika kichuguu. Nyasi zinaozea ndani, msimu unaofuata ulezi unakula mbolea. Mkono wa Mfipa ukishika jembe unageuza nyasi chini bila kuulizwa. Nimefanya hivyo mwenyewe tangu nikiwa mdogo. Shambani ni akili. Ndani ya tuta la lambo, nyasi zikioza zinaacha matundu, na maji hayatafuti kitu kingine.

Nikauliza kama Bosi aliwaona wakifanya hivyo. Aliwaona. Alisema kazi nzuri, akawapiga picha.

Mama mdogo sikumwambia kitu. Alikuwa anacheka, nikashindwa.

Alhamisi, 5 Machi

Tumechimba kidogo, mimi na Gelasi, juu kabisa ya kipande kile, mbali na palipolowa. Nyasi zilezile. Nyeusi, zinanuka. Zimelazwa tabaka kwa tabaka, kwa mpangilio. Gelasi aliacha kucheka.

Nimelipeleka bonge moja mezani kwa Bosi. Nimemweleza kila kitu. Nimemwomba tufungue valvu leo leo, maji yashuke polepole, watu wa bondeni wahame kwa muda. Amekataa. Mgeni lazima akute lambo limejaa. Ule usukani wa kufungulia valvu kumbe ameufungia kabatini kwake, mtu asije akapunguza maji.

"Mhandisi, usinitie presha. Jumatatu tutaangalia."

Nikamwambia kuna nyumba pale chini. Akasema hao ni ndugu zangu, ndiyo maana. Nilitamani kumtupia lile bonge usoni.

Nimemrudishia cheti bila saini. Nimeandika juu yake kwa herufi kubwa kwamba lambo si salama. Nimewapigia wakubwa wake. Wako kwenye kikao cha uzinduzi.



Ijumaa, 6 Machi

Gelasi kapiga simu asubuhi. Maji yale yana rangi ya chai ya maziwa.

Nimeazima spana kubwa kwa fundi bomba jirani yangu, nimekimbiza pikipiki. Bila usukani, valvu ni ngumu ajabu. Tumeisogeza kidogo tu. Nimemwachia Gelasi spana, nikashuka bondeni nyumba kwa nyumba. Wengine wamenisema vibaya. Maharage karibu yavunwe, mbuzi watawaacha wapi, na ofisi mbona haijatangaza. Leo ni Ijumaa ya Kwaresima, kuna Njia ya Msalaba kigangoni, juu kilimani. Nikamwomba katekista agonge kengele mapema na asimruhusu mtu kushuka tena. Hakuniuliza hata swali moja. Mungu ambariki. Mimi walinibishia, kengele hawakuibishia. Wakapanda. Mama mdogo alikuwa wa mwisho, ana kuku kwapani.

Nikampigia Gelasi, nikamwambia atoke pale. Akasema sawa Mkuu, amalizie mzunguko mmoja, imeanza kulegea.

Tulikuwa katikati ya vituo tuliposikia. Haikuwa mlipuko. Ilikuwa kama lori linamwaga mawe, na halimalizi kumwaga.

Nimempigia tena na tena. Simu haipatikani.

Jumamosi, 7 Machi

Gelasi amepatikana kwenye matete, mbali huko chini.

Maturubai ya uzinduzi yametumika msibani.

Jumatano, 18 Machi

Leo kamati ya uchunguzi imekuja. Bosi ametangulia kusema. Wanakijiji walijaza nyasi kwenye tuta, na mimi nilichezea valvu bila idhini. Yote mawili ni kweli. Ndicho kinachoniunguza.

Zamu yangu ilipofika niliomba twende kwenye tuta lenyewe. Pale lilipokatika pamebaki ukuta wa udongo, na ndani yake mistari myeusi ya nyasi, mmoja juu ya mwingine. Imelazwa kwa uangalifu mkubwa. Akina mama walisimama mbali na kanga midomoni. Waliitambua kazi yao.

Nikasema ndiyo, ni wao. Ni wakulima, waliletewa udongo wakaupanga kama wanavyojua. Kuwaambia hapana ilikuwa kazi ya msimamizi, na msimamizi alikuwa anawapiga picha. Nikasema na habari ya usukani kabatini. Nikasema pia kwamba aliyemwacha Gelasi pale na spana ni mimi. Hilo hawakuwa wameuliza.

Muhuri wangu wameuchukua mpaka watakapoamua. Sawa. Bosi naye kaambiwa asubiri nyumbani.

Jumamosi, 28 Machi

Nimeshinda bondeni kwa mama mdogo. Nyumba yake imebaki ukuta mmoja, kwa sasa anakaa kwa mjane wa Gelasi. Haongei sana siku hizi. Maharage yote yamekwenda, lakini shamba lake la mlimani maji hayakulifikia, na huu ndio wakati wa ntumba. Nikashika jembe la pili, tukaanza safu pamoja.

Akakata bonge la kwanza, akaliinua na nyasi zake. Hakuligeuza. Alisimama nalo mikononi, akanitazama.

"Huku shambani, Skola, inaruhusiwa?"

Nikaweka mikono yangu juu ya yake, tukaligeuza pamoja, nyasi chini. Akaenda kukata jingine. Tukaendelea hivyo mpaka mvua ilipotufukuza.