Jipu la Mama

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumanne, 12 Machi

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Shikamoo yako naisubiri kwenye majibu. Kwanza niambie, u mzima? Mkeo hajambo? Kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Sisi tunapumua kwa rehema za Mungu.

Mama ametoka hospitali. Alituapisha tusikwambie. Kidole tumbo chake kilipasukia ndani kikafanya jipu. Daktari aliingiza mpira ubavuni, usaha ukashuka kwenye mfuko, mzito, rangi ya maji ya mtaro. Harufu yake usiombe. Gauni nililovaa siku ile nimelifua, nimelianika, mwisho nimelitupa.

Lakini usaha una afadhali kuliko midomo ya watu. Mama aliugulia tumbo wiki nzima, na homa juu. Muuza dawa wa hapo kona akamcheka: "Bibi, kidole tumbo ni ugonjwa wa vijana. Wewe una gesi." Akampa dawa ya kumfanya aharishe. Mzee wa miaka sabini. Nikipita pale natema mate, Mungu anisamehe.

Ni kweli wodini walijaa wasichana. Mmoja akamtania, "Bibi, umefuata nini kwenye ugonjwa wetu?" Mama akamjibu, "Nimekuja kuwapokonya wachumba." Wakacheka huku wameshikilia nyuzi zao.

Daktari alinivuta pembeni. Alisema wanaougua zaidi ni vijana, wa kiume wakizidi kidogo, ila watoto wadogo na wazee ndio hufika usaha umeshajaa. Mtoto hajui kueleza. Mzee maumivu yake hayapigi kelele, tena hataki kusumbua watu. Na mtu wa umri wa Mama akipata jipu hilo, lazima arudi waangalie kama hakuna uvimbe mbaya uliojificha nyuma yake. Si wengi wanaokutwa nao, alisema, lakini kwa wazee hawabahatishi.

Anatakiwa Jumatatu, naye amegoma. Anajipigapiga tumbo mbele ya wageni: "Uchafu umetoka, nirudi kufuata nini? Kufunuliwa nguo na watoto wa kiume?" Na wageni wanaitikia amina, vikombe vya chai mkononi. Amina ya nini, jamani?

Mimi hanisikii, kwake bado ni yule wa kutumwa dukani. Wewe hajawahi kukukatalia. Nimeshamwambia utampigia Jumapili jioni, na kwamba umekasirika kufichwa. Basi kasirika, usimbembeleze. Neno uvimbe limenishinda kulitamka mbele yake, kila nikifungua mdomo nazungumzia chai. Mwambie wewe.

Msalimie sana mkeo, na wale pacha uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Kaka mkubwa na wifi wanakusalimu. Mungu akufunike huko uliko, na Jumapili hiyo akupe ulimi usiolegea.

Dada yako akupendaye kwa moyo wote.