Muhanga wa Kamera ya Tatu

Shosti, nitajificha wapi mimi?

Nilikuwa nakunywa chai yangu ya asubuhi ofisini, mara bosi akapiga kelele: "Muhanga yupo! Hajatoweka msituni!" Yule mnyama mla mchwa tunayemtafuta, shosti. Akawasha skrini kubwa mbele ya wafadhili, picha ya kamera ya tatu.

Shosti. Makalio. Makubwa, ya kahawia, yanatambaa kwenye ukungu.

Si unajua nikifunga kamera ya kunasa wanyama msituni lazima nitambae mbele yake, nione kama inapiga picha? Na lile koti langu la mvua, la kahawia!

"Ameshiba huyu," akasema mfadhili.

"Ana mimba," akasema daktari wa wanyama. MIMBA, shosti!

Bosi akashika simu awaite waandishi wa habari. Wakitangaza, nani atamtafuta tena muhanga wa kweli? Nikasimama.

"Bosi, makalio hayo ni yangu."