Upande wa Ndani wa Tairi

Jumatano, 11 Juni

Goti limevimba tena. Nimefundisha vipindi viwili vya breki nikiwa nimekaa juu ya boksi la vifaa. Wanafunzi wameshazoea.

Jioni nimeandaa fomu za ukaguzi. Magari tisa safari hii. Mashindano ni Jumamosi na Jumapili, na mimi ndiye mkaguzi, kama kila mwaka tangu nywele zikiwa nyeusi. Mke wangu Felista ananiuliza nitaacha lini. Nimemwambia mwakani. Mwaka jana nilimwambia hivyo hivyo.

Huu ni mwaka wa kwanza wa kanuni mpya: msambazaji mmoja wa matairi kwa magari yote. Mimi ndiye niliyeipigia debe. Zamani wasambazaji walikuwa wawili, wanashindana, na aliyeumia ni dereva asiye na jina. Mwenye jina alipewa matairi mazuri na fundi juu. Wengine waligombea masalia. Tulikuwa tunashindanisha maduka, si madereva. Niliandika barua tatu kwa kamati. Nikatoa mfano wa mashindano makubwa ya dunia tunayoyaona kwenye runinga, ambako kila gari linapewa tairi la kiwanda kimoja. Wakakubali. Siku ile nilitembea mtaa wote wa Igogo kifua mbele.

Dereva mmoja tu, Koku, aliuliza kwenye kikao: na huyo msambazaji atakaguliwa na nani? Nikajibu, mimi. Watu wakacheka, nami nikacheka.

Alhamisi, 12 Juni

Tumegawa matairi kwenye ghala la msambazaji, Buzuruga. Joto, na harufu ya mpira hadi kichwa kinauma.

Utaratibu niliutunga mwenyewe. Mafungu tisa ya matairi, chapa moja, kashata, ile mikato ya usoni, za aina moja. Vizibo vya soda vyenye namba ndani ya kapu. Dereva anachomoa kizibo, namba ndiyo zamu yake ya kuchagua fungu. Hakuna wa kumlaumu.

Deo alichomoa namba mbili. Deo ni bingwa wa mwaka jana, na nilimfundisha mimi kushika spana pale chuoni. Milango ya gari lake imeandikwa jina la msambazaji kwa herufi kubwa. Akarudisha kizibo. Akasema, "Dada na wakubwa watangulie. Mimi nitachukua litakalobaki." Watu wakapiga makofi. Hata Koku alipiga.

Wote walichukua mafungu ya karibu na mlango, maana matairi ni mazito na malori yalikuwa nje. Deo akabaki na fungu la mwisho, kule ukutani, nyuma ya turubai. Nimeandika kwenye taarifa yangu: mfano wa kuigwa. Nilijisikia vizuri sana. Vijana niliowafundisha wachache wana adabu hii.

Ijumaa, 13 Juni

Ukaguzi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi. Nimepiga alama ya rangi ya njano kila tairi, upande wa nje. Fomu ina mstari unaosema matairi yamekaguliwa pande zote mbili. Upande wa ndani unataka ulale chini. Gari la kwanza nililala, nikatafuta nyufa tu. La pili nilichuchumaa. Kuanzia la tatu goti lilikataa, nikaweka tiki tu. Ni matairi mapya, nikajiambia, yana nini cha kuangalia.

Nimechoka. Nalala.

Jumamosi, 14 Juni

Vumbi la Misungwi limeniingia hadi kwenye meno. Koku wa pili, sekunde tatu nyuma ya Deo. Gari lake ndilo kuukuu kuliko yote, jekundu, bampa limefungwa waya. Yeye mfamasia, hana mdhamini, fundi wake ni mjomba wake aliyetoka Muleba. Watu kando ya njia wanamshangilia kwa jina.

Aliniambia kwenye kambi ya mafundi kwamba gari linateleza kama liko juu ya sabuni. Nikamwambia ni mguu wake. Nikamchorea kona chini kwa kijiti, wapi akanyage breki na wapi aachie. Alisikiliza kwa heshima.

Jumapili, 15 Juni

Deo ameshinda. Koku wa pili kwa sekunde nne.

Mwaka wa tatu huu anakuwa wa pili. Alishuka garini, akavua kofia, akakaa juu ya ukingo wa mtaro. Nikaenda kumpa pole. Hakulia. Alisema, "Mwalimu, nafikiri mimi basi. Kuna mtu wa Geita anataka gari. Nitampa."

Nikamwambia nini? Nikamwambia amejitahidi, ila anafunga breki mapema mno, hana imani na kona. Akasema, "Kumbe ni woga." Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa ni kukubali.

Kamati imetoa matokeo ya muda. Taarifa na pingamizi mwisho Ijumaa saa kumi jioni, baada ya hapo matokeo ni ya mwisho.

Jumatatu, 16 Juni

Koku ametuletea chuoni matairi yake mawili ya mashindano yaliyopasuka, ya kufundishia, kama anavyofanya kila mwaka. Alinipa mkono wa mtu anayeaga. Hakukaa.

Nimelaza moja juu ya mashine ya kufungulia, upande wa ndani ukiwa juu. Nikawa nawaonyesha wanafunzi maandishi ya ubavuni: ukubwa, mzigo, na zile namba nne za mwisho, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa. Binti mmoja akasoma kwa sauti. Akasema, "Mwalimu, hili lina miaka sita."

Nikasema haiwezekani. Nikavaa miwani. Miaka sita na miezi.

Limeandikwa upande mmoja tu, na fundi alipolifunga jina la chapa likae nje, kama kawaida, upande huo ukaenda ndani. Nikabonyeza mpira kwa ukucha. Mgumu, hauingii. Tairi linakauka hata likikaa ghalani bila kutumika. Hili nalifundisha kila mwaka. Liko kwenye mtihani wangu. Tairi kavu halishiki barabara ya vumbi, na dereva mwenye akili akiona halishiki anafunga breki mapema.

Kipindi cha mchana sikuingia. Nimewaambia naumwa, na kweli naumwa.

Jumanne, 17 Juni

Nimekwenda Buzuruga. Gari la Deo limewekwa mbele ya duka la msambazaji, na kombe juu ya boneti, watu wakitoka stendi wanapiga nalo picha. Nikatandika kipande cha boksi, nikalala chini. Mama muuza ndizi akaniuliza, "Babu, umedondosha nini?" Nikamwambia naangalia kitu. Akaninyanyulia khanga yake kunikinga jua. Mungu ambariki.

Matairi manne, alama zangu za njano kwa nje. Kwa ndani, namba: mwaka huu. Yote manne. Ukucha unaingia kama kwenye sabuni ya kipande.

Wala hakupendelewa na kizibo. Alijua fungu liko wapi, na alijua sisi ni wavivu wa kubeba. Angeweza kusubiri hadi kesho yake.

Nina hasira. Nilipiga makofi.

Jumatano, 18 Juni

Magari mengine mawili nimeyaangalia kwenye gereji, matairi yote ni ya miaka sita. Sina haja ya kuangalia zaidi.

Nimemsimulia Felista wakati anachambua dagaa. Akasema nimwambie tu huyo mtoto wa watu, yaishe. Nimemjibu kwamba nikimwambia pembeni itakuwa umbea, na Koku akienda kudai ataulizwa ushahidi, na ushahidi ni fomu yangu, na fomu yangu inasema nilikagua pande zote mbili. Felista akaacha kuchambua. Akaniuliza, "Ulikagua?"

Nikasema hapana.

Akarudi kwenye dagaa wake. Ningependa angenigombeza.

Alhamisi, 19 Juni

Deo amekuja nyumbani saa tano asubuhi. Mama muuza ndizi hana siri. Shikamoo Mwalimu, na kilo mbili za sukari mkononi. Nimeitikia marahaba, sukari nimeiacha kwenye benchi.

Hakukana. Nilitaka akane. Alisema, "Mwalimu, kanuni inasema chapa moja, aina moja. Tumetumia chapa moja, aina moja. Umri wa tairi umeuona wapi kwenye kanuni?" Alisema yule mzee msambazaji ana jina lake kwenye milango, na asingekubali kuona jina lake linashindwa na gari la waya. Kisha akasema kwa upole kabisa, kama anamshauri baba yake, kwamba nikiandika, atakayekutwa na kosa ni mmoja tu. Mimi. Niliyeweka tiki.

Alipoondoka nimesoma kanuni yote, kurasa kumi na nane. Nyingi niliandika kwa mkono wangu. Yuko sahihi. Hakuna neno kuhusu umri. Nilihangaika na wasambazaji wawili, nikasahau kwamba hata mmoja anaweza kuwa na rafu mbili ghalani.

Niliogopa leo. Niandike hivyo hivyo. Kitambulisho cha ukaguzi ndicho kitu pekee ambacho watu wa mji huu wananiheshimia bila kunihurumia. Nikilinyamazia jambo hili hadi kesho saa kumi, nabaki nacho. Na Koku anauza gari akiamini ni mwoga.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeandika. Ukurasa mmoja na nusu. Namba za matairi niliyoyaona. Ghala, turubai, vizibo. Kisha: "Mimi mkaguzi sikukagua upande wa ndani wa magari saba kati ya tisa, nikaandika kwamba nimekagua." Sentensi hiyo nimeifuta mara tatu. Mara ya kwanza niliweka goti. Mara ya pili niliweka umri. Mwisho nimeviondoa vyote viwili.

Nimeifikisha saa tisa na nusu. Katibu akasoma akiwa amesimama, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia apige muhuri.

Kutoka pale nimepita duka la dawa la Koku. Alikuwa anahudumia mzee mwenye kikohozi, nikasubiri. Nikampa nakala. Aliisoma nyuma ya kaunta, taratibu, kama anavyosoma vyeti vya daktari. Alipofika kwenye sentensi yangu akarudi nyuma kuisoma tena.

Akasema, "Ulinichorea kona, Mwalimu. Kwa kijiti."

Nikasema ndiyo.

"Nilikwambia gari linateleza."

Nikasema ndiyo, uliniambia.

Akaita mteja anayefuata.

Jumatano, 25 Juni

Uamuzi umetoka. Matokeo yanabaki. Matairi yalikuwa ya chapa na aina iliyoruhusiwa, hakuna dereva wala msambazaji aliyevunja kanuni. Mkaguzi amejaza fomu isivyo kweli, amefutiwa kibali. Mwakani namba za umri zitaandikwa kwenye fomu na mafungu yote yatakuwa ya mwaka mmoja. Mistari minne. Jina langu liko mara mbili, la Deo halipo.

Nimerudisha kitambulisho na kopo la rangi ya njano. Katibu alitaka kunipa mkono, akawa hajui kama inafaa, mwishowe akanipa.

Chuoni wamesikia wote. Mwalimu wa uchomeleaji kanitania kwamba sasa nitaona mashindano nikiwa nimekaa kivulini kama waheshimiwa. Nikacheka. Kisha nimekaa stoo peke yangu hadi kengele.

Alhamisi, 26 Juni

Mtu wa Geita amepiga simu chuoni kuuliza kama lile gari jekundu ni zima. Nimemwambia ni zima. Ukweli ndio huo.

Jumapili, 29 Juni

Nansio, kwa kaka. Nimekuja na meli ya jana asubuhi. Felista kabaki, ana kwaya.

Misa, kisha viazi na sato. Kaka hafuati habari za magari, hajaniuliza lolote. Amenionyesha mihogo yake. Raha ya mahali pasipo na anayejua.

Saa nane mchana Koku amepiga. Shikamoo yake ilikuwa fupi. Akaniuliza jambo moja. Angekuwa na matairi ya mwaka huu, angepunguza sekunde ngapi? Nikamwambia siwezi kumdanganya tena, sijui hasa. Akasema kadiria. Nikamwambia zaidi ya nne. Nikamwambia kwa njia ile, kwa siku mbili, na matairi yale makavu, mimi nisingeweza kufika mwisho.

Nilisikia mtu nyuma yake anagonga chuma, nadhani mjomba wake.

"Bado nimekukasirikia, Mwalimu."

Nikamwambia najua.

"Ila gari siuzi."

Akakata bila kuaga. Nimeweka simu juu ya meza. Kaka akaniuliza ni nani, nikamwambia ni dereva mmoja wa Mwanza, mzuri sana.